Baba na Mawe ya Aberdeen

Mdogo wangu alipofika Aberdeen hakuanza na baridi, kama wanavyoanza wengine wote waliokwenda Ulaya. Alianza na mawe.

"Mwambie baba huku kila kitu ni jiwe," alisema.

Nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza cha darasa la sita, mapumziko ya saa nne, simu nimeibana sikioni kwa sababu watoto walikuwa wanapiga kelele uwanjani. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa bado imechoka na safari. Alisema mji mzima umejengwa kwa jiwe la aina moja, la kijivu. Nyumba za kupanga, makanisa, benki, ukuta wa makaburi, hata ngazi za kuingilia mlangoni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha alipokuwa anarekodi, jua likachungulia kidogo, na kuta zote za barabarani zikawaka vipunje vipunje kama zimemwagiwa chumvi. "Mwambie baba," alirudia mwishoni. "Atafurahi."

Baba yetu alikuwa mtu wa mawe. Alianza na pamba, kama baba yake, kisha pamba ikamtupa mkono, naye akawafuata wenzake Masumbwe kuchimba dhahabu. Sisi tulikuwa wadogo. Alikaa kwenye maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, zaidi ya miaka thelathini, akirudi nyumbani wakati wa kulima na wakati wa msiba. Viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba aliipua sufuria motoni bila kitambaa. Kazi hiyo ilinisomesha mimi ualimu na mdogo wangu uuguzi. Zaidi ya hapo sikuona ilituletea nini. Mama alifariki bado tunaishi kwenye nyumba ya udongo.

Wakati mdogo wangu anaondoka, baba alikuwa amelala sebuleni kwangu Ibadakuli, kwenye kitanda nilichokisogeza dirishani ili apate hewa. Kukohoa kulimwanza miaka mingi nyuma. Mara ya kwanza walimpa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kikohozi kikabaki. Mara ya pili wakampa tena, akameza tena. Mwishowe daktari mmoja kijana alimpiga picha ya kifua, akatuita wote watatu, akaishika picha ile kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa napasua mawe."

"Mlikuwa mnamwaga maji wakati wa kupasua?"

"Maji ya kumwaga tungeyatoa wapi? Kule chini ni nyundo na tindo tu. Baadaye ikaja mashine, nayo ilikuwa inatoboa jiwe likiwa kavu."

Daktari alituonyesha vidoa vyeupe, vingi, vimeenea kote. Alisema lile ni vumbi la mawe, limeingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu. Hakikuwa kifua kikuu, au kama kiliwahi kuwapo, sasa sicho kinachomtesa.

"Sasa vumbi hilo linatolewaje?" baba aliuliza.

"Halitoki, mzee."

Baba alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Tulirudi nyumbani. Mdogo wangu, ambaye kama muuguzi alikuwa ameshalijua jibu kabla ya kuambiwa, alimshika baba mkono njia nzima. Miezi michache baadaye akapata kibali cha kwenda kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Aberdeen. Alisema akiwa kule ataweza kumsaidia baba zaidi. Tulitaka kuamini hivyo.

Basi siku ile nilipomaliza vipindi nikarudi nyumbani, nikaweka simu juu ya kifua cha baba, nikamwachia asikilize mwenyewe. Alisikiliza mara mbili. Kisha akaniomba nimfungulie picha. Mdogo wangu alikuwa ametuma ya ukuta mmoja, karibu sana, hata chembe zake zinaonekana.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao na mama zao. "Jiwe hili ni la kwetu."

"La kwetu vipi, baba?"

"Angalia. Nyeupe, nyeusi, na hii inayong'aa. Ni lile lile la milimani hapa. Hapa wanawake wanaligonga kokoto. Kule wameligonga mji."

Nilikuwa nafundisha maarifa ya jamii mwaka wa kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mawe makubwa yaliyokaa juu ya vilima vyetu yana ndugu mahali. Nikatafuta kwenye kitabu cha jiografia. Baba alikuwa sahihi. Ni matale, jiwe la moto lililopoa chini ya ardhi.

Kuanzia hapo Aberdeen iliingia nyumbani kwetu. Baba, ambaye alikuwa ameacha kuuliza habari za chochote, hata za mvua, alianza kuwa na maswali. Aliyahifadhi kutwa nzima, na nikirudi kutoka shuleni ananisomea moja baada ya jingine, akipumzika katikati kuvuta pumzi, nami narekodi na kutuma. Majibu yalikuja asubuhi, mdogo wangu akiwa anatembea kwenda kazini. Tulisikia hatua zake na magari, na ndege wakubwa wa baharini wanaolia kama watoto. Ndege hao, alisema, wanakunyang'anya chipsi mkononi mchana kweupe, wala hawaogopi fimbo.

Alituambia mji uko kati ya mito miwili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, na kwenye ule wa kaskazini kuna daraja la jiwe lenye tao moja lililojengwa karne nyingi zilizopita na watu bado wanapita juu yake. Alituambia barabara yao kuu haikukaa juu ya ardhi. Kulikuwa na bonde, wakalivusha kwa matao ya mawe, wakapitisha barabara juu, na chini yake zipo njia za zamani ambazo mtu anaweza kutembea bila kujua kwamba juu ya kichwa chake kuna magari. Kazi hiyo ilikuwa kubwa hadi mji ukafilisika.

"Wakafilisika kwa ajili ya kutoboa na kujenga," baba alisema. "Hao watu nawaelewa."

Pembeni ya barabara hiyo kuna kanisa kongwe na makaburi yake, na siku ya jua wafanyakazi wa maofisini wanakaa kati ya mawe ya makaburi wakila mkate wa mchana. Hilo baba hakulikubali. Alinitaka niulize tena kama ni kweli. Na kwenye mdomo wa bandari kuna kijiji kidogo cha wavuvi, nyumba zake za chini zimepangwa kuzunguka uwanja, zote zimeipa bahari mgongo. Mdogo wangu alisema anaambiwa ni kwa ajili ya upepo. Baba akasema si upepo. Alisema na yeye, miaka yote ya Masumbwe, hakuwahi kujenga kibanda chenye mlango unaotazama duara. Alizika watu wengi mno kutoka mle, hakuweza kulitazama akiamka.

Katika nyumba ile ya wazee, mdogo wangu alikuwa anamhudumia mzee mmoja mwanamume, mkubwa kuliko baba, aliyezaliwa mjini humo humo. Mzee huyo hakuzungumza Kiingereza tulichofundishwa shuleni. Wana lugha yao ya nyumbani, ya watu wa mashamba na wavuvi, na asubuhi badala ya kukusalimu kwa Kiingereza anakuuliza, "Fiti laiki?", maana yake u hali gani.

"Kumbe nao wana Kisukuma chao," baba alisema. Alicheka mpaka ikabidi nimshike mgongo. "Mwambie huyo mzee, mwangaluka." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Tulituma. Siku ya tatu ikaja sauti ya mzee mwenyewe, nzito, inayokwaruza, ikisema, "Mangaluka." Baba akaitika kwa adabu zote, kana kwamba mtu ameingia mlangoni. Nadhani siku hiyo ndiyo ya mwisho niliyomwona akifurahi bila kitu kingine chini yake.

Halafu mdogo wangu akaenda kuona shimo.

Mawe yote yale yalitoka ardhini, na sehemu kubwa yake, karibu nusu ya mji kwa wanavyosema wenyewe, ilitoka kwenye shimo moja upande wa magharibi. Walichimba zaidi ya miaka mia mbili. Liliposhuka chini sana wakaacha, na wakati huo huo mafuta yakapatikana baharini, mji ukageukia mafuta. Shimo likajaa maji. Sasa limezungushiwa uzio na miti, na nyumba za watu wazito ziko kandokando. Alituma picha aliyoipiga kupitia kwenye uzio: maji meusi, mwamba umesimama wima, na upande wa pili jengo la ofisi lenye vioo.

Baba aliishika simu karibu na uso muda mrefu.

"Shimo moja," alisema. "Nusu ya mji."

Baada ya picha hiyo akaanza kusema anataka kwenda Masumbwe. Nilimkatalia wiki mbili. Hakuwa na pumzi ya kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Lakini alikuwa ameacha kula vizuri, na ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nikamwomba jirani mwenye gari ndogo atupeleke. Tuliondoka asubuhi, tukapita Kahama, tukafika Masumbwe kabla ya saa sita. Baba alikaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, na kila baada ya kilomita kadhaa alitaja kitu kilichokuwapo zamani na sasa hakipo.

Eneo lake la kazi lilikuwa nje kidogo ya mji. Gari liliishia kwenye mti mmoja uliokatwa matawi, tukatembea hatua kama hamsini ambazo zilituchukua nusu saa. Duara lake lilikuwa limejaa maji ya kijani. Pembeni kulikuwa na vifusi, viatu vya plastiki, mifuko ya saruji iliyochakaa na kamba. Mbele zaidi vijana walikuwa wanachimba duara jipya, kompresa inanguruma. Mmoja alitoka chini kwa ngazi ya miti. Alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka miguu, kope zake tu zilikuwa nyeusi.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu. Nilichimba hapa."

"Zamani?"

"Zamani."

Kijana aliitikia kwa heshima, akasubiri kama kuna jingine. Baba akamtazama usoni, akanyoosha kidole kwenye ile mashine.

"Mwagieni jiwe maji kabla ya kulitoboa. Funika pua. Mimi unaniona nilivyo."

"Maji tunaletewa kwa madumu, mzee. Ya kunywa yenyewe hayatoshi." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Kisha akatuaga, akashuka tena.

Tulikaa pale mpaka baba akapata nguvu ya kurudi kwenye gari. Niliangalia upande wa makazi: mabanda ya maturubai, baa moja, mashine za kusaga mawe zikirusha vumbi, kanisa la mabati. Miaka thelathini ya baba na wenzake ilikuwa imepita hapo. Nilitafuta kitu ambacho ningeweza kumwonyesha na kusema hiki kimetokana na ninyi. Sikukiona.

"Shimo lao lina maji na letu lina maji," alisema tukiwa njiani. 

Jioni ile akanipa swali moja tu la kutuma. Aliliuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili lisipotee.

"Muulize mzee wake. Wale waliochonga mawe ya mji, walikufa na nini?"

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Nililisikiliza peke yangu kwenye kibaraza cha shule, na nashukuru nililisikiliza peke yangu. Mdogo wangu alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini sana. Baba wa yule mzee alikuwa mchongaji. Hakuwa shimoni, alikuwa kwenye mabanda ambako jiwe lilichongwa na kusuguliwa, mengi yake yakiwa mawe ya makaburi yaliyosafirishwa mbali. Mzee anakumbuka mama yake akikung'uta koti la baba yake nje kila jioni, na wingu jeupe likibaki hewani. Baba huyo alianza kukohoa akiwa bado kijana. Walimpeleka kwa madaktari wakidhani ni kifua kikuu. Yule mzee alikuwa bado anasoma shule ya msingi baba yake alipofariki. Wachongaji wengi wa mtaa wao waliondoka hivyo hivyo. "Dada," mdogo wangu alisema, "usimpe baba simu kabla hujafikiri."

Nilifikiri. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba mzee amesema wachongaji waliishi sana, walikufa kwa uzee kama watu wengine. Nilidhani nampa zawadi.

Aligeuza uso ukutani.

"Basi sisi tulikuwa wajinga," alisema.

"Baba, si ujinga."

"Ni ujinga. Wenzetu walipasua jiwe lile lile, wakajenga mji, wakazeeka. Sisi tulikuwa tunapumua vumbi kama ng'ombe, tukazikana, na hatukujenga hata choo. Mimi ndiye niliyewaleta vijana wa kijijini kule. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Hilo sikulijua. Katika siku zilizofuata alinitajia vijana hao, mmoja mmoja, aliowachukua kutoka kijijini kwetu kwenda Masumbwe na kuwapa nyundo. Alikumbuka baba zao, na ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya matibabu yao. Wengi walikuwa wameshakufa, na kila mmoja aliambiwa ana kifua kikuu. Alikuwa anawataja hata nikimlisha uji. Nikimwambia ale, anakula, kisha anaendelea.

Baada ya wiki mbili nilishindwa. Jumamosi moja asubuhi nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia nilimdanganya.

"Kuhusu nini?"

"Wachongaji wa Aberdeen. Walikufa kama wewe."

Nikamwekea ujumbe wenyewe. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye sehemu ya koti likikung'utwa alifungua macho, akanitazama, akayafumba tena. Ulipokwisha aliniomba niurudie. Nilirudia. Mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nasubiri aniambie kwamba mzigo umepungua, kwamba sasa anajua hakuwa mjinga peke yake.

"Hata wao," alisema.

"Hata wao, baba."

"Nilifikiri mahali fulani watu waliweza." Akavuta pumzi. "Mwambie mdogo wako asinitumie tena habari za mji huo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nimeuliza moyo wangu mara nyingi kama ningenyamaza ingekuwaje. Kwa uongo wangu angekufa akijilaumu. Kwa ukweli wangu hakubaki na mahali pa kupatazama. Sijapata njia ya tatu, na sasa sitafuti tena.

Hakuuliza swali jingine. Picha hakuzitaka. Ujumbe wa mdogo wangu ulipokuja nilimpa salamu tu, naye aliitika, "Wabeja," asante, basi. Kifua kiliendelea kufunga. Tulimwazimia mashine ya hewa, ile inayotumia umeme, kutoka kwa familia moja iliyokuwa imemzika mgonjwa wao. Ilimsaidia umeme ulipokuwapo. Ulipokatika nilimkalisha, nikampepea kwa jalada la daftari la mahudhurio. Wakati mwingine saa moja, wakati mwingine kutwa nzima. Majirani walikuja kupokezana nami, na jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anamwombea kwa sauti. Baba alimwacha aombe.

Huko Aberdeen nako mambo yalikuwa yameharibika. Nyumba ya wazee alikofanya kazi mdogo wangu iliuzwa, na mmiliki mpya hakuwataka wafanyakazi wa kibali. Akapewa muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine, la sivyo aondoke nchini. Alizunguka mji mzima kwa miguu. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia baba, kwamba ile barabara kuu ya mawe, ambayo mji ulifilisika kuijenga, nusu ya maduka yake yamefungwa, vioo vimepigwa mbao, kwa sababu hata mafuta yanapungua na watu wanaondoka. Alikuwa anapita hapo kila siku na barua zake za kuomba kazi.

"Baba anaendeleaje?" aliuliza siku hiyo.

"Rudi," nilimwambia.

"Nikitoka sasa hawataniruhusu kuingia tena, dada."

"Kuna nini huko cha kuingilia tena?"

 Sikuwa na haki ya kumuuliza hivyo. Hospitali zetu zilikuwa zimejaa wauguzi wanaosubiri ajira, na yeye nafasi yake alikuwa ameshaiacha.

Baba alifariki siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, umeme ukiwapo. Nalisema hilo kwa sababu watu waliuliza. Mashine ilikuwa inafanya kazi, dirisha liko wazi, mimi nilikuwa nimemshika. Alivuta, akavuta, halafu hapakuwa na nafasi tena ya kuvutia. Hakusema maneno ya mwisho. Mtu wa namna hiyo hana pumzi ya maneno.

Tulimzika kijijini, kando ya mama. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu, nimeishika juu ya kaburi kwa mkono ulionyooshwa ili aone, lakini mtandao ulikuwa unakatika, na muda mwingi uso wake ulisimama tu, mdomo wazi, hausogei. Wachungaji wawili walisema maneno mazuri. Wachimbaji wenzake walikuja watatu. Wote watatu walikuwa wanakohoa. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza daktari aliyempima baba anapatikana wapi. Nilimwelekeza. Sikumwambia daktari atamwambia nini.

Ni mwaka wa pili sasa. Mdogo wangu alipata kazi kwenye nyumba nyingine ya wazee, kwa saa chache, na kibali chake kinaisha tena mwakani. Yule mzee wa mwangaluka alikufa majira ya baridi. Mdogo wangu alikwenda kwenye maziko, walikuwa watu sita pamoja naye na mchungaji. Hatuzungumzi habari za mji. Akinipigia Jumapili ananieleza zamu zake na mgongo unaomuuma, nami namweleza bei ya mchele na mvua iliyogoma.

Mwaka huu kwenye mada ya miji ya dunia nilifika kwenye ukurasa unaotaka kila mwalimu achague mji mmoja na kuueleza. Nilikuwa naweza kueleza mitaa, mito miwili, daraja la tao moja, mpaka rangi ya kuta baada ya mvua. Nilisimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Madawati matatu ya nyuma yalikuwa matupu, wavulana wake wameshakwenda Geita kwenye maduara, wana miaka kumi na tatu, kumi na nne. Nikaandika ubaoni jina la mji mwingine, ambao siujui, nikawasomea kitabuni.